Nilipoigiza Kaswende

Kipenzi changu,

Ukungu umetanda dirishani, na dada wa kitanda cha juu bado anakoroma kama mashine ya kusaga. Huko kwenye mafunzo ya kazi unalala vizuri? Shati lako la bluu ninalo. Nikilivaa naona kama ndoto, umekaa hapa ukingoni mwa kitanda.

Juzi kikundi chetu cha maigizo hapa chuoni kilicheza mchezo kuhusu magonjwa ya zinaa ukumbini. Mimi nilikuwa Kaswende. Nilijitanda shuka jekundu, nikapita kati ya wanachuo nikinong'ona, "Mimi huingia bila hodi, kisha natulia tuli kama maji mtungini." Walicheka mpaka machozi.

Kawaida yetu, mchezo ukiisha waigizaji hutangulia kupima damu ili wengine wasiogope. Nikaenda nikicheka, shuka langu mabegani. Majibu yalipotoka, muuguzi akanishika mkono: "Mwanangu, hebu kaa kwanza."

Sindano nimeshachomwa, nitapona. Usijisumbue kunitafutia maneno matamu. Unajua sijawahi kuwa na mwingine ila wewe.

Nenda kapime, mpenzi. Na huyo mwenzangu, popote alipo, mwambie naye akapime.

Ni mimi,
niliyedhani naigiza tu.