Numero Saba wa Timu ya Basoda

Butembo, Bulengera

Mama wangu mupenzi,

Jambo sana. Nakusalimia na roho yote, wewe na mudogo wangu Kahindo, na bote ba ndani ya nyumba. Mugongo yako inaendelea aje? Ile dawa ya masour ba misioni ilikusaidia ao bado? Na bale basoda benye balikuwa banalala na bunduki zabo mu shamba yetu ya kakao, balitoka, ao bangali pale? Huku mimi niko. Baridi ya Butembo unaijua, asubui maji inakata mikono, mais sijagonjwa.

Barua hii anakuletea Papa Musa, dereva wa camion, jirani yetu wa pale Bungulu. Nilimuomba akupe mu mikono yako, hapana ya mutu mwingine. Wewe unajua kusoma, donc funga mulango, ikala ku kitanda, usome peke yako. Usiogope, si habari ya kifo. Ni habari ya muzuri, mais ni ya kubeba polepole. Ku phonie, ile radio ya kusemea na batu ba mbali, nisingeweza kuisema, juu pale kila mutu mwenye kungoja zamu yake anasikia maneno ya bengine.

Acha nianzie fasi yenye ilianzia.

Unakumbuka namna Baba mukubwa alicheka wakati nilichagua kusomea journalisme ya sport. "Binti ya mujane anaenda ku université kusomea kuangalia mupira!" Hata huku banacheka kidogo, juu mimi niko binti peke yangu mu section yetu. Mais masomo yenyewe ni kazi ya kweli, Mama. Mwalimu wetu anatufundisha namna ya kusemea mutu mwenye hayuko ku uwanja: mupira uko fasi gani, nani iko nao, ku guu gani. Hapana kushangilia, hapana kulia. Na zaidi ya yote hapana kunyamaza, juu ukinyamaza batu banafikiri courant imekatika, banazima radio yabo.

Balinituma kufanya stage, kujifunza kazi, ku radio moja ndogo ya hapa mujini. Kazi yangu ilikuwa kubeba fil ya micro na batterie, na kuikala nyuma ya Papa Siméon, muzee mwenye kutangaza mechi za Butembo tangu zamani. Siku ya mungu yenye ilipita, nyuma ya misa, kulikuwa mechi ya basoda ba camp na bijana ba mujini. Commandant yabo mwenyewe alitaka mechi ipite ku radio, juu batu basikie kama amani iko. Wewe unaijua ile amani. Leo banacheza mupira na sisi, kesho barabara ya Beni imefungwa tena.

Ile siku Papa Siméon aliamuka na mafua, sauti ilikuwa imekwisha kabisa. Akanitolea micro. "Kavira," akasema, sauti yake kama ya kuku mwenye kukabwa, "leo ni wewe."

"Papa, sijawahi kutangaza!"

"Utaanza lini? Shika."

Nikashika. Nyuma ya kidogo maneno yalianza kukuya yenyewe. Basoda hatukupewa majina yabo ya kweli, paka yale banaitana mu camp. Mukubwa mumoja alinitajia: huyu Kifaru, huyu Dix Heures, numero saba ni Tonnerre. Nilikuwa nasema "Tonnerre" kama vile nasema jina ya mutu yeyote.

Mbele ya kupumuzika, timu ya basoda balipewa coup franc, mupira wa adhabu. Tonnerre akaweka mupira chini. Akainama, akavuta chaussette ya kushoto, akatema mate pembeni, akashusha bega.

Mama, unajua nani anafanya vile.

Nilinyamaza. Uwanja yote ilikuwa mbele yangu, mais sikuona kitu ingine, paka lile bega. Papa Siméon akanifinya mukono: "Sema! Sema, batu banangoja!" Nikasema, "Tonnerre... Tonnerre anapiga na guu ya kushoto." Na mupira ukaingia.

Batu ba mujini hawakupiga mikono, juu ni basoda ndio balifunga. Mimi nikatangaza but ile na sauti ya kawaida, vile balinifundisha. Ndani ya kifua nilikuwa napiga kelele.

Ni Yaya Mumbere, Mama. Mutoto wako wa kwanza mwenye basoda balichukua ku barabara ya Mangina, na sisi tukamulilia kama mutu amekufa. Iko muzima. Amekuwa murefu, amekonda, iko na ndevu kidogo. Mais ni yeye. Kama unataka kulia, lia kwanza, kisha urudilie kusoma.

Mechi ilipoisha commandant akaniita. "Mademoiselle, kuya uulize Tonnerre maswali. Batu basikie sauti ya soda mwenye kufunga but." Akamushika Yaya ku shingo, akasimama hapo hapo, karibu sana na micro.

Yaya alinitazama. Alinijua papo hapo, niliona. Mais uso yake haikubadilika hata kidogo, na mimi nikaelewa kama yangu pia isibadilike.

"Bonjour, Tonnerre. Ile but uliipata namna gani?"

"Niliona gardien wa goli amesimama mbali ya poteau. Nikapiga."

"Mupira ulijifunza wapi?"

Mbele ya Yaya kujibu, commandant akaingilia: "Huyu hana kwabo! Baba yake, mama yake, bote balikufa. Jeshi ndiyo mama yake. Si vile, Tonnerre?"

"Ndiyo, mon commandant. Mimi sina mama."

Alisema vile ku radio, na mimi ndiye nilishika micro. Radio yetu haifiki Beni, mais batu banatembea na maneno, na sitaki uyasikie ku soko. Usiumie. Nyuma pale nilimuuliza Papa Siméon, kama mutu mwenye kuuliza tu, juu ya nini basoda bengi banasema hawana famille. Akanijibu: "Mwenye iko na famille karibu, banamutuma mbali kabisa mu pori, juu hapa atakimbia." Umeona sasa? Alikuzika na mudomo tu, Mama, juu asibebwe mbali na wewe.

Pale ku micro nilikuwa na swali moja tu ya kubakia kwa Yaya. Nikamuuliza: "Na ile but, unamupa nani?"

Akafikiri. Akasema: "Namupa mwenye alikuwa ananikataza kutema mate."

Commandant akacheka sana. Batu bote bakacheka. Na mimi nilicheka, Mama, nilicheka mupaka machozi ikatoka, na hakuna mwenye alishangaa.

Wakati commandant alienda kusalimia bakubwa ba mujini, nilianza kukunja fil. Yaya akainama kunisaidia. Alisema mu Kinande, luga ya kwetu, polepole, bila kuinua kichwa: "Kavira, hapana lia. Mama iko?"

"Iko. Iko Beni, mu nyumba yetu."

"Na Baba?"

Yeye hakujua kama Baba alitutoka nyuma ya yeye kuchukuliwa. Nilibaki nakunja ile fil, nakunja, macho ku mikono yangu. Akaelewa. Akavuta maillot yake ya kuchezea, akapangusa uso kama mutu wa jasho, na akakaa vile muda kidogo, maillot ku macho.

Kisha akasema: "Mechi yetu yenye kufuata ni Beni, siku ya mungu yenye inakuya. Mwambie Mama akuye. Mais asiniite."

Bakamuita, akaenda mbiyo.

Ku université, mwalimu alitusikilizisha cassette ya ile mechi. Alinigombeza juu ya pale nilinyamaza. Nikamwambia fil ilikuwa imeachia. Kisha akaweka fasi ya maswali, akaambia benzangu: "Sikieni, maswali ya fupi, hakuna kujisifu. Hivi ndivyo banauliza muchezaji." Bakanipigia mikono. Nilitoka inje, nikasema naenda kunywa maji.

Sasa Mama, sikiliza muzuri. Siku ya mungu, nyuma ya misa, uende ku uwanja mapema. Simama pale batu bengi banasimama, hapana mbele. Vaa kikwembe yako ya manjano, ile ya Noeli, yeye anaijua. Usimubebee chakula. Kahindo abaki nyumbani kwa shangazi, na usimwambie kitu, juu akimuona ataita "Yaya!" na tutamupoteza mara ya pili. Kama amefunga but, piga mikono kidogo, vile batu bengine banapiga. Macho yake yakikukuta, usiinue mukono. Barua hii, ukimaliza, uitie mu moto.

Unisalimie Kahindo, mwambie asome, asikimbie masomo juu ya mvua. Unisalimie Baba mukubwa na bibi yake, na shangazi mwenye kuuza majani ya sombe, na tate muzee wa ku Oicha kama alifika na bakimbizi bengine. Mama ya Papa Musa pia, mwambie mwana wake alinikuta muzima.

Mimi ile siku nilikuwa na kazi, sikupata namna ya kumutazama. Wewe umutazame mechi yote, tangu mwanzo mupaka mwisho. Kisha rudi nyumbani, funga mulango, na umuite jina yake hata mara ngapi.

Ni mimi binti yako,

Kavira