Pakiti Moja, Mawifi Wawili

Mpendwa Mshauri, naomba msaada, na tafadhali soma mpaka mwisho ndipo unigombeze. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule na wifi yangu, dada wa mume wangu, mimi kwenye mashine yeye kwenye vifungo, na kwa kweli huyu ni zaidi ya wifi, maana nilipojifungua kwa upasuaji mara ya pili alinishonea kazi zangu zote wateja wasijue, na daktari akanionya kwamba nikibeba mimba nyingine mapema naweza kupoteza maisha, akaniandikia vidonge vya uzazi wa mpango, na tangu bima ya umma ianze kuvilipia nachukua pakiti yangu kila mwezi bila kutoa hata senti, lakini wifi hayumo kwenye kadi yetu, ni mimi, mume na watoto tu, na madukani vidonge vimepanda bei akaacha kununua, basi roho ikaniuma nikaanza kumgawia, leo nameza mimi, kesho namwekea yeye kwenye kisosi karibu na pasi. Mwezi huu siku zangu zikachelewa, Mshauri, kwa hofu nilishona mfuko wa shati mgongoni, nikapima, sina mimba! Nililia chooni kwa furaha mpaka wifi akagonga mlango. Sasa naogopa kuendelea na naogopa kumwacha, je, nimpe kadi yangu aende kliniki ajifanye ni mimi?
Wifi Mwenye Huruma

Wifi Mwenye Huruma, kwanza pumua. Umeponea chupuchupu, nami nimefurahi kweli. Umemaliza kufurahi? Haya, nikugombeze.

Kidonge si mwavuli mkajifunika wawili. Pakiti ni ya mtu mmoja, kila siku, bila kuruka. Mlikuwa mnagawana hatari, mwenzangu, na wewe ndiye uliyeonywa na daktari! Wema usizidi uwezo. Na kadi usithubutu kumpa: waliyempima presha ni wewe, si yeye, na siku akiugua faili lako litamdanganya daktari.

Sasa kaa chini. Kabla barua yako haijanifikia, alinipigia simu fundi mmoja wa vifungo.

"Mshauri, wifi yangu ananiwekea vidonge kwenye kisosi. Mimi nimeshajiunga na bima kupitia kikundi chetu cha mafundi, pakiti yangu ninayo. Nikimwambia sivihitaji, si ataona nimemtupia wema wake? Nadhani yeye anapewa pakiti mbili."

Ameniruhusu niyaseme haya. Tangu apate kadi yake, vidonge vyako anavitia kwenye kopo la vifungo. Yaani, mama, aliyekuwa hana kinga ni wewe peke yako.

Kesho, kabla hujagusa mashine, nenda kliniki umwambie nesi ukweli wote. Akupime tena, akuelekeze namna ya kuanza pakiti mpya, na mpaka atakaposema uko salama, mumeo atumie kondomu, tena aelezwe sababu. Wifi yako usimnunie. Wote wawili mlikuwa mnaoneana haya, na haya nusura ikuue.

Ukirudi, kile kisosi kioshe, ukiweke chini ya kikombe chake, umpelekee chai. Kila mtu na pakiti yake, chai mnaweza kugawana.