Choo cha Kuimba Bondeni

Lamis shoga yangu, weka chai chini kwanza.

Kanze wetu amechoka na feri ya Likoni, na tajiri wake wa duka la kanga kamwambia akichelewa tena asirudi. Basi leo kaenda mtaa wa Bondeni, huku kisiwani asikohitaji kuvuka, kuangalia nyumba ya kukaa na wasichana wawili asiowajua.

Choo hakina mlango. HAKINA! Pazia tu.

Akauliza, "Sasa nitajuaje kuna mtu ndani?"

Mmoja wao, Ruweida, akamjibu bila haya, "Tunaimba, dada."

Wanaimba! Mashallah, kasri hilo.

Kanze akaaga. Kabla hajatoka, tumbo likamkata. Akarudi mbio, akavuta pazia, akaimba wimbo wa harusi kwa sauti ya kufukuza kunguru. Wale wawili wakamwitikia kutoka jikoni mpaka alipomaliza.

Anahamia Jumamosi.