Maoni ya Bi Gazeti

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimemjibu mtu nisiyemjua. Kwenye ule ukurasa wa malezi, baba mmoja aliuliza kama ni vibaya kupekua simu ya mwanawe. Majibu yalikuwa yale yale – mchape, mnyang'anye, mwache, ndio watoto wa siku hizi. Mimi niliandika taratibu, nikafuta, nikaandika tena. Nikamwambia hofu yake naielewa, ila mtoto akigundua anapekuliwa hajifunzi kuwa mwema, anajifunza kuficha. Akajibu kwamba hakuwa amelifikiria hivyo, akanishukuru. Mtu mzima, mgeni kabisa, amekaa akafikiri kwa sababu yangu! Nimechonga meno ya bandia kazini siku nzima huku natabasamu peke yangu.

Binti yangu ananicheka. Anasema mimi ndiye mtu wa mwisho duniani anayeweka nukta kwenye meseji. Na kwenye kundi la wapangaji wa jengo letu wameshanibatiza – Bi Gazeti. Kwa sababu naandika marefu. Siudhiki. Gazeti angalau linasomwa.

Huko kwenye maandishi sina kigugumizi, ndiyo siri yenyewe. Nje ya simu, kabla sijamaliza kusema "mkate" dukani, nimeshapewa maziwa. Tangu utotoni watu wananimalizia maneno, na nusu ya mara wanakosea, na mimi naitikia ili yaishe. Nimekunywa maziwa mengi maishani.

Kazini afadhali. Nyuma ya kliniki, chumba changu kimoja, meza, nta, msasa, na safu ya vinywa vya plasta vinavyosubiri meno. Havinikatizi.

Jumatano, 5 Machi

Pikipiki ya jirani yetu fundi simu imeibwa! Mchana kweupe, uani, chini ya madirisha yetu. Mlinzi hakuwepo getini.

Kundi linawaka moto. Fundi simu anataka mlinzi aondoke wiki hii hii. Mwenyekiti wetu wa wapangaji, yule karani wa bima wa ghorofa ya pili, ameandika kwamba tusikurupuke, kila mtu atoe maoni yake mpaka kesho usiku, kisha yeye atapeleka uamuzi kwa mwenye nyumba. Hilo limenipendeza. Lakini mlinzi mwenyewe hayumo kwenye kundi. Asiyekuwepo na lake halipo.

Jioni nilimkuta kwenye kiti chake, kofia mkononi. Akanieleza. Pampu ya maji imeharibika tangu Jumapili. Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya juu, anayetembea kwa mkongojo, alimwita ambebee ndoo za maji. Akapanda nazo. Aliposhuka, geti liko wazi na pikipiki haipo. Hakuna aliyemuuliza hata hilo moja.

Kazi ikienda, na kile chumba cha kando ya geti kimekwenda. Yeye na mkewe wameishi pale tangu binti yangu yuko chekechea. Mkewe ana mimba, tumbo limeshashuka.

Akaniambia: "Dada, wewe wanakusikiliza. Niandikie neno."

Nikaitikia kwa kichwa. Sikutaka kuanza sentensi pale.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetuma! Nimeshinda na lile neno la mlinzi kutwa. Nilikuwa naandika kwenye simu kwa kidole kilichojaa vumbi la plasta, daktari akiingia naificha chini ya taya la mtu.

Nimelipanga kama ninavyopanga siku zote. Kwanza umpe mwenzako haki yake, ndipo uombe yako. Ukianza kwa kumpinga mtu, anaziba masikio. Kwa hiyo nimeanza na fundi simu: kwamba ana haki ya kukasirika, kwamba pikipiki ndiyo miguu yake, kwamba mlinzi anayeacha geti wazi ameacha kazi, na aliyeacha kazi hastahili kubaki getini. Halafu nikasema hivyo ndivyo ningesema na mimi kama nisingejua kilichomtoa pale. Nikaeleza habari ya ndoo. Nikasema ukweli, kwa upole: kwamba sote tunamtoa getini kila siku. Abebe mtungi wa gesi. Anunue sukari. Asukume gari lisilowaka. Amshike mtoto kidogo. Tumemfanya mtumishi wa jengo zima, halafu tunashangaa geti halina mtu. Nikaomba abaki, na pampu itengenezwe.

Nadhani sijawahi kuandika kitu kizuri kama kile.

Na wamekubali! Madole gumba yanamiminika mpaka sasa. Mama wa ghorofa ya kwanza ameandika kwamba hapo nimegonga penyewe. Fundi simu – fundi simu mwenyewe! – kaweka mikono ya kushukuru. Mwenyekiti kasema Bi Gazeti amemaliza kila kitu, hana la kuongeza.

Nimesoma yote mara nyingi. Nimelia kidogo, kijinga tu. Mtu aliyeshindwa kuomba mkate ameokoa kazi ya mtu.

Ijumaa, 7 Machi

Mungu wangu.

Wamemfukuza. Kwa jina langu.

Mwenyekiti ametangaza: kwa kuwa wapangaji wengi wameunga mkono maoni ya Bi Gazeti, mlinzi atatoka Jumapili, mwenye nyumba ameridhia. Nilisoma kazini nimeshika kisu cha nta. Nikadhani amekosea jina. Nikarudi kwenye maneno yangu, nikayasoma tangu mwanzo mpaka mwisho, nikitafuta ni wapi nilipoandika hivyo. Sikupaona.

Binti yangu ndiye aliyepaona. Alichukua simu yangu mezani, akaitazama kidogo, akanirudishia bila kucheka. "Mama, hawakufungua. Ona inapokatikia."

Pale juu zinaonekana zile sentensi chache za mwanzo. Zinaishia kwenye "hastahili kubaki getini". Chini yake maandishi madogo ya buluu: soma zaidi.

Basi. Hapo ndipo walipoishia, jengo zima. Wameweka dole gumba kwenye mlango wakarudi zao, hakuna aliyeingia ndani. Ndoo, mwalimu, mtungi wa gesi, ombi langu – vyote vimekaa huko chini gizani, peke yao.

Nikamuuliza binti yangu: na yule baba wa ukurasa wa malezi je, yeye si alisoma? Akasema labda yeye alisoma, mama. Labda. Ni mtoto mwenye huruma. Miaka yote hii nimekuwa nikiandika kurasa nzima. Ni watu wangapi wamewahi kufika chini?

Sikula.

Jumamosi, 8 Machi

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini nimejaribu. Asubuhi nimeandika mistari miwili tu. Sikusema afukuzwe. Tafadhali fungueni msome mpaka mwisho.

Wakafungua. Ingekuwa heri wasingefungua.

Mama wa ghorofa ya kwanza anauliza, kumbe mwizi ni yeye mwenyewe? Alimtuma mlinzi sukari mara moja, ndiyo ameiba pikipiki? Mwingine anasema nimeanza kwa asali nikamalizia kwa shubiri, unafiki huo. Mwingine: juzi hivi, leo vile, amua moja. Fundi simu anasema yeye kapoteza riziki yake halafu mimi namletea insha. Kapoteza kweli.

Mwenyekiti kaandika kwamba uamuzi umeshapita na tusirudi nyuma.

Binti yangu akapanda juu kwa mwalimu. Mwalimu ana simu ya vitufe, kundini hayumo. Akamwambia binti yangu aandike kwa jina lake kwamba ni yeye aliyemwita mlinzi, lawama iwe yake. Binti akaandika. Wakajibu kwamba mwalimu ni mzee, anamwonea mtu huruma, apewe pole. Wakamwekea maua. Maua!

Halafu mmoja, sijui hata ni wa mlango gani, akaniandikia kwa nia njema kabisa: Bi Gazeti, tuma sauti basi, nani ana muda wa kusoma yote hayo.

Nikajifungia chumbani. Nikabonyeza, nikaanza: nd-nd-ndu... Nikaacha. Nikaanza tena. Nilirekodi mpaka koo likakauka. Moja nikaisikiliza. Sijawahi kujisikia nikiongea, si kwa namna ile, nje yangu. Nilisikia mtu anayezama. Nikafuta zote, nikakaa kitandani na simu mapajani, nikajichukia kwa moyo wote. Siandiki hili ili kujihurumia. Ni kweli tu, nilijichukia.

Jioni nilipita getini. Mlinzi alikuwa amesimama na fundi simu. Fundi alikuwa amemwonyesha kwenye simu – nilijua kwa jinsi alivyonitazama. Ameonyeshwa nini kama si zile sentensi za juu? Hakunisalimu. Alinifungulia geti, akasogea pembeni nipite, heshima ile ile. Nikapita. Nikapita! Kinywa kilikuwa kimejaa, na mimi nikapanda ngazi.

Jumapili, 9 Machi

Nimeamka nimeamua kusema kwa mdomo. Liwalo na liwe.

Nilianza kwa mwenyekiti. Alifungua mlango akiwa na taulo begani, povu shavuni, ndani wanasikiliza redio. Nikashika fremu ya mlango. Nilitaka kusema mlinzi asiondoke, mtoto anazaliwa wakati wowote. Neno "mlinzi" likagoma. Mm-mm-mm, midomo imefungwa, macho yananitoka. Si mtu mbaya. Alisubiri kidogo, kisha akanishika bega kwa upole kabisa.

"Usijisumbue, mama. Niandikie tu, nitasoma."

Akafunga mlango. Nikasikia redio ikiongezwa sauti.

Nikashuka. Gari la kuwahamisha mlinzi na mkewe lilikuwa limeshafika. Godoro, meza, masufuria ndani ya beseni, kitanda kimefunguliwa vipande. Watu walichungulia madirishani, hakuna aliyeshuka kushika hata mguu wa meza – watu wale wale ambao mitungi yao imepanda ngazi mgongoni kwake. Nikashika upande wa pili wa meza, tukaipandisha mlinzi na mimi. Hakukataa, hakushukuru.

Mkewe alikuwa ameketi kwenye kile kiti cha getini, mikono juu ya tumbo. Nikachuchumaa mbele yake. Nikaanza. Nilitaka neno moja tu, "siyo". Siyo vile mlivyosoma. Ss-ss-ss. Mate yakanitoka. Nikamshika goti, nikaanza upya. Alinitazama, hana hasira hata chembe, na hapo ndipo nilipokatika kabisa. Afadhali angenitukana.

"Tumeshasoma, dada," alisema.

Akanyanyuka, akapanda mbele ya gari, polepole, mume kamshika mkono. Nikatoa simu nimpe mlinzi asome yote, nikafungua mpaka chini, nikamnyooshea. Alikuwa na kamba mikononi. Akaitazama simu kama anavyoitazama mtu aliyeshachoka na simu, akatikisa kichwa, akarudi kufunga mzigo.

Alifungua geti, gari likapita. Akalifunga geti kwa komeo kwa ndani, akahakikisha, akatokea kwa mlango mdogo wa pembeni. Hata leo hakuliacha wazi.

Sijui wanakwenda wapi. Sikuweza hata kuwauliza hilo.

Sasa nipo mezani naandika haya na chini kuna mtu anapiga honi. Ni mama wa ghorofa ya kwanza, amerudi na teksi na mizigo, na yule dereva haondoi mkono kwenye honi. Mlinzi mpya anaanza kesho. Kundi limechangamka tena. Mama huyo anauliza nani yuko getini. Wanajibizana ashuke aliye karibu. Mmoja anaoga. Mmoja yuko mbali, ingawa namsikia akikohoa ukutani kwangu. Fundi simu anasema yeye hana hata kinachompeleka getini siku hizi.

Mwenyekiti ameingia. Anasema hili linahitaji utaratibu, tupange zamu, tutoe maoni. Kisha: Bi Gazeti, wewe unaonaje?

Wananisubiri. Naona pale juu – wawili wanaandika, kisha wanaacha. Binti yangu amesimama mlangoni mwa jikoni ananitazama.

Nimeandika "Ndugu wapangaji". Nimefuta.

Honi bado inalia. Hakuna aliyeshuka kufungua. Hata mimi sijashuka.