Pilipili ya Kisian

Walubengo, nimempigia mjukuu kelele hadi nyumba nzima imeshtuka. Amejipaka pilipili mkononi ili kijibwa chake kiache kumng'ata!

Ndivyo alivyofanya marehemu baba yangu kule Kisian mwaka wa 1953, wakati wa kichaa cha mbwa.

Siku moja kijibwa chetu cha wakati huo kilitulia kabisa, udenda ukikitoka. Baba akacheka kwa fahari: "Mmeona? Ni pilipili hiyo. Kimeshika adabu."

Mama akamwambia, "Baba Beldina, leo hukupaka pilipili."

Hakupaka, Walubengo! Hakupaka.

Baba akakisogezea bakuli la maji. Kikatetemeka, kikarudi nyuma. Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Kimemng'ata nani?"

Dada yangu Beldina akaficha mkono nyuma ya gauni.