Kiapo cha Mzee Vénant

Mbarara, 6 Februari 2023

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Natumaini kifua chako kimepoa na maharagwe yenu ya Rubondo yameota. Mimi ni mzima. Kinachougua ni mnyororo wa baiskeli yangu ya magurudumu matatu.

Nina ombi. Chama chetu cha watu wenye ulemavu, watu kumi na mmoja, kimepata wakili wa kujitolea, nasi tunapeleka shauri mahakamani dhidi ya shule ya hapo Rubondo. Katiba ya nchi hii inakataza mtu kubaguliwa kwa ulemavu wake. Mwenyekiti wetu, Bi Mukamazimpaka, ambaye haoni, ameihifadhi ibara hiyo kichwani na huitamka akisuka vikapu. Wamenichagua mimi niwe mlalamikaji, kwa kuwa nilikataliwa shule waziwazi.

Unakumbuka. Nilikuwa na miaka minane, nikitambaa na kandambili mikononi, na mwalimu mkuu akakuambia, "Mzee, hapa tunafundisha wanaotembea. Huyu mrudishe kwa mama yake akachambue maharagwe." Hakukuwa na mtu mwingine mlangoni. Shahidi ni wewe peke yako.

Njoo uape mbele ya kamishna wa viapo. Nsengimana, anayeleta maharagwe mjini na aliyekupa barua hii, atakupa nafasi garini.

Mwanao,
Bienfait

Rubondo, Nakivale, 27 Februari 2023

Mwanangu Bienfait,

Amani ya Bwana iwe nawe. Kifua kimetulia, mama yako Godeberthe analalamikia magoti. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unaandika vizuri. Nilikufundisha mwenyewe, sakafuni, kwa mkaa, na sijutii.

Lakini kuna jambo hulijui. Siku tulipoandikishwa katika kambi hii ya wakimbizi, tukitoka Kivu, Nsengimana alitukuta kwenye foleni. "Mzee," alisema, "nchi za Wazungu hazipokei familia yenye kilema. Huyo mmoja atawafunga nyote hapa." Kwa hiyo karani aliponiuliza, nilijibu kwamba wewe ni mtoto wa marehemu dada yangu Léoncie. Ndiyo sababu kadi yako ni ya peke yako. Mama yako aliulizwa amezaa watoto wangapi. Alinyoosha vidole vitatu. Wewe ulikuwa umekaa miguuni pake.

Sasa tumeingizwa kwenye orodha ya mahojiano ya kuhamia ng'ambo. Nikiapa kwamba wewe ni mwanangu, faili lote litakuwa uongo, na wadogo zako watatu watazeekea hapa. Usinitaje. Hakuna mahakama itakayokupa miguu.

Baba yako,
Vénant

Mbarara, 14 Juni 2023

Baba,

Salamu. Sijui kama nikuulize hali yako.

Barua yako ilinifikia baada ya wakili kuwasilisha shauri, na jina lako lilikuwa ndani. Jana shauri lilitupwa. Jengo lile lina ngazi kumi na nne. Walinibeba kama gunia, nikaenda kudai haki ya kutobebwa. Kisha wakili wa upande wa pili akasimama akasoma hati ya kiapo yenye sahihi yako, hiyo yenye V ndefu uliyonichorea kwa mkaa.

Umeapa kwamba mimi si mwanao. Umeapa kwamba hukunipeleka katika shule yoyote. Umeapa kwamba tangu utoto nina tabia ya kusema uongo. Mawili ya kwanza niliyaogopa tangu uliponiandikia. La tatu, nani alikuomba?

Njiani tukirudi, Bi Mukamazimpaka aliniuliza, "Bienfait, mzee huyo ni nani kwako?" Nijibu wewe.

Mwanao,
Bienfait

Rubondo, 20 Juni 2023

Bienfait,

Salamu. Hapa tu wazima.

Mahojiano yetu ni mwezi ujao. Usituandikie tena mpaka tutakapokuwa tumesafiri, kwa maana Nsengimana hasiti kufungua barua za watu. Neno lile la tatu, wakili wa shule, aliyenifuata hapa baada ya kuona jina langu, alisema litaipa hati nguvu.

Mjomba wako,
Vénant

Rubondo, 9 Novemba 2023

Mwanangu mpenzi,

Amani ya Bwana iwe nawe, na baraka zangu zote. Afya yako ikoje? Baiskeli imetengenezwa? Mama yako anakulilia.

Tumekataliwa. Binti aliyetuhoji alipekua faili akasema, "Mzee, wanaotangulia ni familia zenye mtu mwenye mahitaji makubwa. Kwenu yuko nani?" Wewe hukuwamo kwenye faili. Nilipomkabili Nsengimana, alicheka akasema hakumbuki kuniambia lolote, na kwamba hata kama aliniambia, yeye ni mchuuzi wa maharagwe, si balozi.

Nimerudi kwa binti yule nikamweleza ukweli. Hatosheki na neno langu. Anataka uje mwenyewe, kabla ya mwisho wa mwezi huu, uape kwamba wewe ni damu yangu. Mama yako amezitoa kandambili zako sandukuni. Kumbe alizihifadhi miaka yote. Njoo, mwanangu. Wadogo zako hawana kosa.

Baba yako mzazi,
Vénant

Mbarara, 30 Novemba 2023

Mjomba,

Salamu kwako na kwa mke wako. Nawaombea afya, mimi ni mzima, na mnyororo ni mpya.

Barua yako nilimsomea Bi Mukamazimpaka. Alisema niende kwa ajili ya wadogo zangu, kwamba chuki isiniongoze. Nilimtii. Siku ya Jumatatu nilifika hadi kwenye kituo cha magari, na utingo akaifunga baiskeli juu. Kisha nikawaza nitakavyoulizwa na binti yule, nami nikamwambia utingo aifungue.

Ningemwambia nini? Hati yako ina muhuri wa mahakama. Humo mimi ni mtoto wa Léoncie, na tangu utoto nina tabia ya kusema uongo. Mtu wa namna hiyo akiapa, nani atamwamini?

Leo ni mwisho wa mwezi. Kandambili zile mpeni mtoto mwingine anayetambaa. Hapo Rubondo hawakosekani, na shule iko palepale.

Mpwa wako,
Bienfait