Daktari, Mwone Dada Yangu Jioni

"Mishipa ya fahamu inakufa taratibu. Hakuna dawa. Mpelekeni nyumbani akapumzike."

Hayo ni maneno ya daktari bingwa, mwezi uliopita, bila kuinua macho kutoka mezani. Si kweli! Mshipa uliokufa haufufuki kila alfajiri ukafa tena adhuhuri.

Leo ni Jumatano, joto la kunata baada ya manyunyu ya asubuhi, na vidole vyangu vinagongana kwenye kibodi kwa furaha.

Mgonjwa ni dada yangu mkubwa, Zuhura, muuza vitenge wa Kariakoo. Tangu biashara ilipofanywa huria na kila mwenye nguvu akaweka meza barabarani, yeye hakuhitaji kibao. Alikuwa na sauti. Akiita, watu wanageuka, hata waliokuja kununua ndoo.

Siku hizi anaita vizuri asubuhi tu. Ikifika mchana sauti inaingia puani, kope la kushoto linashuka, na wali anautafuna kama anatafuna mpira. Jioni hawezi kuinua jora la kitenge. Akilala, kesho yake anaamka na sauti yake.

Ukoo umekaa kikao. Jumamosi apelekwe kijijini Mkuranga, meza apewe mtu mwingine, yeye akalale asubiri. Asubiri nini? Hakuna aliyethubutu kulitamka.

Kaka Hamisi, msemaji wa kikao, alinikoromea: "Bingwa kashasema. Wewe nani?"

Mimi ni mtu anayesoma, kaka.

Nimeshinda kwenye intaneti kafe ya mtaa wa pili, katikati ya vijana wanaotafuta wachumba wa Ulaya, nikisoma habari za misuli. Nikakuta kuna ugonjwa ambao misuli inachoka kadiri inavyotumika, na inarudi ikipumzishwa. Una matibabu. Mimi si daktari, huenda nimekosea. Nilichotaka ni mtu mmoja tu aangalie.

Na hapo ndipo nilipoona tunavyojiponza wenyewe.

Sisi mgonjwa tunampeleka hospitali alfajiri. Tunamlaza mapema, tunamwogesha, tunamvalisha gauni la sikukuu, tunawahi foleni. Tunaona ndiyo heshima. Kwa hiyo kila mara bingwa alimwona Zuhura akiwa katika saa yake nzuri kuliko zote. Aliona udhaifu kidogo wa mikono na ulimi mzito kidogo. Kule kupanda na kushuka hakukuona. Wala hakuuliza.

Basi leo nimemchukua jioni, moja kwa moja kutoka mezani kwake.

"Unipeleke kwa daktari nanuka jasho? Watasema sina ndugu!"

"Waseme, dada. Twende hivyohivyo."

"Ukichaa wako wa magazetini unauleta kwangu."

Tukatembea polepole hadi kliniki ya binafsi, mojawapo ya zile zilizochipuka na soko huria. Nimezilaani kliniki hizi katika makala zangu hadi wahariri wakanichoka. Na nitaendelea kuzilaani. Lakini leo moja ilikuwa wazi jioni.

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. "Shikamoo mama." Dada akaitikia marahaba, na sauti ikatokea puani. Yule binti akaacha kalamu.

Akainua macho!

Akamwambia dada atazame dari bila kushusha macho. Tukangoja. Kope la kushoto likaanza kuteremka, taratibu, kama pazia la duka linalofungwa. Akauliza kama kuna barafu. Umeme ulikuwa umekatika, friji imelegea. Nikakimbia, mimi na kitambi changu, hadi kwa muuza maji ya baridi nje, nikarudi na pande la barafu linanidondokea viatuni. Daktari akalifunga kwenye glavu, akaliweka juu ya lile kope, akasubiri, akaliondoa.

Jicho lilikuwa wazi.

Mimi na daktari tukaliinamia. Dada ndiye aliyetuamsha: "Mbona mnanikodolea kama nimetoka kaburini?"

Nilicheka mpaka nikalia.

Binti hakutuahidi miujiza. Alisema baridi huiamsha kwa muda misuli ya namna hii, kwa hiyo hii haifanani na mishipa iliyokufa, inafanana na misuli isiyopokea amri vizuri, na vipimo ndivyo vitakavyosema. Akamwonya dada: kumeza kukishinda au pumzi ikibana, usingoje asubuhi, kimbia hospitali saa hiyohiyo. Ijumaa tumepangiwa vipimo.

Kwa nani? Kwa bingwa yuleyule; ndiye mwenye vipimo hivyo.

Sasa nisikilizwe. Kaka Hamisi, najua unasoma blogu hii ili upate cha kunipinga. Mwambie mwenye gari asije Jumamosi. Meza ya Zuhura haigawiwi, na Zuhura hapelekwi kokote kabla ya majibu.

Na wewe daktari bingwa, ambaye mwanao ananiambia huwa unasoma makala zangu na kukasirika: kasirika, lakini Ijumaa usimwite dada yangu alfajiri. Mwite jioni, akitoka kuuza, na jasho lake, na sauti yake ya puani. Barafu nitaleta mimi.

Wewe lete macho tu.